Moscow Nyekundu Kwenye Karai la Omena

Pikipiki ilipoteremka kilima cha mwisho kabla ya Luanda Kotieno, Kiragu alikuwa bado amekumbatia boksi lake kifuani kwa mikono yote miwili. Tangu walipopita mji wa Ndori, dereva alikuwa amemsihi mara tatu ashike chuma cha nyuma kama abiria wengine, kisha akamwachia Mungu.

"Boss, umebeba mayai?"

"Marashi."

"Unapeleka marashi wapi?"

"Huko huko bichi."

Dereva alicheka hadi pikipiki ikayumba. "Kwa watu wa omena? Si ni kama kupelekea samaki mwavuli!"

Kiragu alilikumbatia boksi zaidi. Alikuwa mtu aliyesafiri, na watu waliosafiri huona kwamba madereva wa nyumbani hawastahili maelezo. Kwa miaka sita aliuza manukato katika uwanja wa ndege wa Doha, na huko alijifunza Kiarabu cha kubembeleza, Kifaransa cha kusifia, na Kirusi cha kutosha kusoma lebo. Baadaye alihamia Kisumu na kufungua kibanda chake. Kisumu alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupita Bondo. Ziwa lenyewe alilijua kama kitu kinachoonekana nyuma ya sahani ya samaki.

Kibandani kwake kulikuwa na kadi ukutani. Kila marashi yalikuwa na kadi yake, na kila kadi ilieleza yanamfaa mwanamke wa aina gani. Wateja walizipenda kadi kuliko manukato. Msichana wa duka la simu la jirani alinunua chupa tatu za aina moja kwa sababu kadi ilisema yanamfaa mwanamke asiyesahaulika, ingawa Kiragu mwenyewe hakuwahi kulikumbuka jina lake.

Kadi ya juu kabisa ilikuwa ya marashi ambayo hakuwa nayo. *Krasnaya Moskva*, yaani Moscow Nyekundu. Marashi ya Kirusi ya zamani: karafuu, ua la iris, poda. Yanamfaa mwanamke aliyekomaa, anayeingia ukumbini baada ya wengine wote, mwenye glavu hadi viwikoni, asiyejua kuomba radhi. Mwanamke ambaye wanaume wakimwona wanaacha kuongea. Kiragu alikuwa ameandika hayo kwa kutazama picha. Mwanamke huyo hakuwahi kukutana naye, wala Doha, wala kwingineko.

Ndipo siku moja picha ikaingia kwenye simu yake: chupa ya kioo, kizibo kilichochongwa kama paa la kanisa la Kirusi, na uzi mwekundu uliofifia shingoni. Chini kulikuwa na tone la kimiminiko lisilojaza kijiko. Kisha simu ikalia.

"Hiyo chupa unaijua?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, aliyejiita Mama Nakhungu.

"Naijua, Mama."

"Nataka ingine. Isiwe ya kuigiza. Ni ya maana sana."

Alihangaika wiki tatu. Mwishowe aliipata mjini, kwa Ishita, ambaye babu yake alikuwa na duka la dawa enzi za zamani. Chupa ilikuwa imekaa kwenye sefu tangu huyo babu alipoiweka, gizani, kwenye boksi lake, nta haijavunjwa. Angeweza kuituma kwa mtu wa parseli. Lakini usiku wake wote ulijaa huyo mama wa kwenye simu. Bila shaka ni mjane wa balozi. Alisomea Moscow miaka ya sitini, akarudi na piano, sasa anaishi kwenye nyumba yenye mapazia mazito yanayotazama ziwa. Kiragu alipiga pasi shati jeupe.

Ufukoni aliuliza nyumba ya Mama Nakhungu.

"Nyumba?" alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akitandaza nyavu za kuanikia. "Saa hii? Mngoje pale, kwenye karai."

Maboti yaliyolala ziwani na taa yalikuwa yameshafika. Wanunuzi walijipanga na ndoo zao, wanawake karibu wote, na wavuvi walishusha omena, dagaa wa ziwani, iliyong'aa kama shilingi mpya. Kelele ilikuwa ya soko. Halafu ikakatika. Mama mmoja mzito, wa miaka sabini hivi, alikuwa akishuka polepole kutoka kwenye kibanda cha mabati, wa mwisho kufika, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amechelewa. Alivaa buti, aproni ya plastiki, na glavu. Glavu zilikuwa za mpira, za manjano, hadi viwikoni.

Mbele yake liliwekwa karai la aluminiamu lililobonyea upande mmoja. Mbonyeo huo ndio uliokuwa sheria ya ufuko mzima. Mvuvi alimimina omena hadi kwenye mbonyeo. Mama Nakhungu akaliinamisha karai, akangoja. Maji yakachuruzika, yakapungua, yakawa matone. Bado akangoja.

"Mama, yameisha," mvuvi alisema kwa adabu.

Akamtazama tu. Tone jingine likaanguka.

"Sasa yameisha. Jaza, iwe na kichwa."

Mvuvi akajaza mpaka omena ikapanda juu ya ukingo, ikawa na kichwa. Mzee mmoja mwenye maboti mawili, Mzee Zacchaeus, alikuwa amesimama kando, mgongo umenyooka kama mwanafunzi kwenye gwaride, mikono imebana mapaja. Alibaki hivyo mpaka boti lake lilipomalizika kupimwa.

Kiragu alisogea. Kulikuwa na harufu ya omena, ya dizeli, ya moshi wa jiko la chai. Chini ya hizo kulikuwa na karafuu. Poda ya zamani. Na kitu kingine kikali kilichopanda puani kama waya, ambacho yeye, pamoja na Doha yake yote, hakuweza kukitaja.

"Wewe ndiye wa marashi?" Mama Nakhungu alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, Mama."

"Umechelewa. Feri yangu ni ya saa nane. Ingia ndani."

Ndani ya kibanda hapakuwa na piano. Kulikuwa na begi moja lililofungwa kwa kamba, jiko, na msichana wa miaka ishirini na kitu aliyesimama kama anayengoja mtihani. Huyo alikuwa Mercyline, mnunuzi wa omena, mjane kama Nakhungu mwenyewe.

"Mimi naenda Mbita kwa mwanangu," Nakhungu alisema, akivua glavu. "Haya magoti hayataki maji tena. Karai namwachia huyu. Lakini karai bila hiyo chupa ni sufuria tu, unanielewa?"

Kiragu alisema anaelewa.

"Huelewi. Wewe ni mtu wa town." Alikaa juu ya begi. "Zamani wavuvi ndio walikuwa wanapima wenyewe. Mama akitaka samaki lazima awe na jaboya wake, mvuvi wa kumpikia, kumfulia, na mengine ambayo sitakwambia na shati lako hilo. Asiye na jaboya anapimiwa maji. Nusu omena, nusu ziwa. Nilipofiwa na mume wangu nikaja kununua, nimejipaka hayo marashi kwa sababu nilikuwa nimetoka kanisani, na Zacchaeus ndiye alikuwa na karai. Akanusa. Akasimama wima. Akanipa karai mkononi. Miaka ishirini na mmoja sijalirudisha."

Kiragu alihisi joto la furaha. Kadi yake ilikuwa kweli tupu! *Wanaume wakimwona wanaacha kuongea.* Alimsomea yote kutoka kichwani, taratibu, kwa sauti aliyoitumia Doha kwa wake za mabalozi.

"Anaingia ukumbini?" Nakhungu aliuliza. "Ukumbi gani?"

"Ni mfano, Mama."

"Na sasa Walter, mtoto wa Zacchaeus, anataka karai liende kwa mdogo wake. Anasema wanawake wamelishika vya kutosha. Leo mchana, boti lake likifika, Mercyline ndiye atalipima. Akishindwa leo, ameshindwa. Kesho hawa mama wote watarudi kutafuta majaboya. Lete hiyo kitu."

Kiragu alivunja nta kama anayefungua barua ya rais. Harufu ilijaza kibanda, na hata Mercyline, aliyekuwa na wasiwasi hadi kope, alifumba macho. Ilikuwa ile ile ya vitabuni: maua kwanza, mengi, kisha karafuu, kisha poda laini kama shavu la mtu anayekupenda. Kiragu alimpaka Mercyline tone moja kila kifundo cha mkono na moja shingoni.

Nakhungu alinusa hewa, akakunja uso.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Mama, hii ni safi kuliko yako."

"Mh," alisema Nakhungu.

Boti la kwanza la mchana lilikuwa dogo, la watu wawili. Mercyline alishuka na karai. Nakhungu na Kiragu walitazama kupitia tundu la bati.

Mvuvi wa kwanza alimimina. Kisha akanusa. Kisha akatabasamu, meno yote.

"Mercy! Leo uko na harusi?"

"Inamisha karai," Mercyline alisema.

"Niiname mimi? Kwa hiyo harufu napiga magoti kabisa!"

Wenzake wakacheka. Mwingine akauliza kama kuna mtu amemchumbia bila kuwaambia, maana wao wako hapa, wana boti, wana afya. Wakati wanacheka omena ilimiminwa na maji yake, ikapokelewa na maji yake, na mnunuzi wa kwanza akaondoka na ndoo iliyokuwa inalia *chubwi* kila hatua. Walter alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti lililovutwa nchi kavu, akila mahindi ya kuchoma. Alitabasamu tu kuelekea kwenye kibanda.

Mercyline alirudi machozi yakimlenga. "Wananitongoza, Dana," alisema, akimwita bibi kwa Kijaluo. "Wote. Hata yule wa kanisa letu."

Nakhungu alimgeukia Kiragu. "Umeniletea ya kuigiza."

"Mama, naapa! Nta ilikuwa nzima. Hii ndiyo Moscow Nyekundu jinsi ilivyotoka kiwandani."

"Basi yangu ni nini?"

Akatoa chupa ya kwenye picha kutoka ndani ya blauzi yake. Kiragu aliifungua, akaileta puani, akafumba macho. Karafuu, poda, na ule waya mkali. Akafungua macho. Akanusa tena. Uso wake ukawa wa mtu aliyekuta mbuzi amelala kwenye kitanda cha wageni.

"Mama, ndani ya hii kuna spiriti. Spiriti ya hospitali."

"Ndiyo."

"Nani aliweka?"

"Mimi. Ilikuwa inapungua."

"Uliongeza spiriti kwenye *Krasnaya Moskva*?"

"Ulitaka niongeze nini, maji? Daktari alinipa chupa tatu tu. Ni miaka hamsini. Kila ikishuka naongeza kidogo, nakoroga." Akamtazama kwa huruma. "Kwani wewe unafikiri nilizipata wapi? Moscow?"

Kiragu, aliyekuwa amemsomesha Moscow na kumwoza balozi, akarudisha kizibo.

Ndipo akasimuliwa. Hospitali kubwa ya Kisumu, ile ambayo watu bado wanaiita Russia, ilijengwa na Warusi, ikaja na madaktari wao. Mmoja alikuwa Daktari Galina, mfupi, mnene, hacheki na mtu. Alizunguka vijiji vya ziwa na gari la chanjo, na Nakhungu, msichana wa miaka kumi na saba aliyeajiriwa kufagia, alibeba sinia la pamba na spiriti. Daktari alijipaka marashi kila asubuhi, kwa wingi, maana hakuipenda harufu ya samaki.

"Watoto wamepangwa mstari, mikono ya shati imekunjwa. Mimi nafuta mkono na spiriti, yeye anainama karibu, sindano inaingia. Kila mtoto wa bichi hii, kutoka hapa mpaka Usenge. Zacchaeus alilia mpaka akajikojolea. Nilimpangusa mimi." Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hawajui. Yeye mwenyewe hajui. Akinusa mgongo unanyooka tu, anafikiri ni heshima."

"Kwa hiyo hawa wanaume..."

"Hawa wanaume wanangoja sindano."

Kiragu aliketi chini, kwenye sakafu, na shati lake jeupe. Nje sauti zilipanda: boti la Walter lilikuwa linasogea, na juu yake, amesimama mbele kabisa kama anayepokea salamu za taifa, alikuwa baba yake, Mzee Zacchaeus, aliyekuja kushuhudia karai likirudi kwenye ukoo.

"Mercyline," Nakhungu alisema. "Kimbia duka la dawa. Spiriti na pamba."

Msichana aliruka nje. Kiragu aliishika chupa mpya kwa mikono miwili kama alivyoishika kwenye pikipiki.

"Mama, sikiliza. Chupa kama hii sijui kama iko nyingine nchi nzima. Ilikaa gizani miaka yote hii. Kuna watu Ulaya wangelia kuinusa tu. Ukitia spiriti, imekufa."

"Na hao wanawake nje?"

Alitazama kupitia tundu. Wanawake walikuwa wameshaanza kupanga ndoo upya, na waliokuwa mbele walikuwa wanarudi nyuma mmoja mmoja, wakipisha wale wachache wenye majaboya kwenye boti la Walter. Mmoja alikuwa akifunga leso vizuri kichwani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Alipiga mahesabu ya mwisho ya mtu anayeshindwa. "Nusu," alisema. "Nusu kwenye chupa yako ya zamani, tuue hiyo. Nusu ibaki kama ilivyo."

"Ya nini?"

"Sijui, Mama. Ibaki tu."

Mercyline alipofika anahema, Kiragu mwenyewe ndiye aliyemimina, kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa na mazoea. Marashi kwanza, kisha spiriti, akakoroga, akanusa, akaongeza spiriti, akanusa. Ilimwagika vidoleni, ikatiririka hadi kwenye mkono wa shati. Alipofikia ule waya wa puani alijisikia kama mpishi wa ikulu aliyeagizwa sukuma wiki na akaipika vizuri kuliko chochote maishani mwake.

"Paka pamba," Nakhungu aliamuru. "Si shingoni. Uishike pamba mkononi. Na usicheke nao. Daktari hakuwahi kucheka."

Mercyline alivaa glavu za manjano. Hakukimbia. Aliwaacha wangoje, kisha akashuka.

Walter aliliendea boti lake, akamimina mwenyewe, kwa mbwembwe, maji yakaruka mpaka kwenye buti za msichana. "Haya, bibi harusi. Pokea."

Mercyline aliinamisha karai. Akangoja.

"Wewe, unangoja nini? Jua linachoma samaki!"

Akangoja. Ile pamba ilikuwa kati ya vidole vyake, na upepo ulitoka nyuma yake kwenda kwenye boti. Zacchaeus alikuwa anafungua mdomo kusema jambo. Akaufunga. Visigino vyake vikakutana. Mikono ikashuka mapajani, na macho yake, ya mwanaume wa miaka sitini na mbili mwenye maboti mawili na wajukuu saba, yakatazama mbele kwa mbali mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Baba," Walter alisema, "mwambie huyu msichana..."

"Walter. Nyamaza." Sauti ilikuwa nyembamba. "Mwaga maji."

"Baba?"

"Nimesema mwaga maji! Yote!"

Wazee wengine wawili walikuwa wamevua kofia. Walter alimtazama baba yake, akamtazama msichana, akatafuta kilichotokea na hakukiona, maana alizaliwa baada ya Daktari Galina kurudi kwao. Akamwaga maji. Kisha akajaza mpaka ikawa na kichwa, na Mercyline hakusema asante.

Huko kwenye tundu la bati, Nakhungu aliacha kuchungulia. Halafu akanyoosha mkono. "Leta hiyo nusu."

Alifungua kizibo, akagusa nyuma ya sikio moja, akasita, akagusa la pili. Alinusa kiganja chake kwa muda mrefu.

"Kumbe iko hivi," alisema. "Daktari alikuwa ananuka hivi, bila sisi na spiriti yetu."

Feri ilipiga honi. Alifunga begi, akamkataza Kiragu kulibeba, kisha akamwachia alibebe.

"Pikipiki yako iko wapi?"

"Iliondoka, Mama."

"Vizuri. Kuna maboti matatu bado. Kaa hapo kwenye karai mpaka la mwisho lipimwe. Ukiona maji, sema."

"Mama, mimi ninarudi Kisumu, nina kibanda..."

"Ukiona maji, sema."

"Ndiyo, Mama," alisema Kiragu, na akashangaa mgongo wake ulivyonyooka.

Kwenye ngazi ya feri kijana wa tiketi alipokea begi. Akanusa, akatazama huku na huku akitafuta harufu imetoka kwa nani, akagundua.

"Karibu ndani, mrembo! Unaenda kutuachia nani?"

Luanda Kotieno nzima ilingoja kijana azabwe kofi. Mama Nakhungu alisimama, akarekebisha leso.

"Uliza tena tukifika katikati ya ziwa," alisema, akapanda.

Feri ilitoka. Kiragu aliitazama mpaka glavu za manjano za Mercyline zilipompungia mkono arudi kazini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya karai, shati limelowa, vidole vikinuka waya na karafuu, akijaribu kufikiria ataandika nini kwenye ile kadi ya juu kabisa.

Mzee Zacchaeus alikuja kumsalimu mgeni, kama inavyompasa mwenye maboti. Alinyoosha mkono. Akanusa. Alisimama hapo, mkono hewani, haelewi. Kisha, polepole, akiendelea kuuliza habari za Kisumu na bei ya petroli, akaanza kukunja mkono wa kushoto wa shati lake, kikunjo baada ya kikunjo, mpaka begani.